Maji Mawili ya Songea

Wengi wa watu walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 walikuwa wamepokea maji mara mbili kabla mwaka haujatimia. Mara ya kwanza walipewa na wajumbe wa vita vya Maji Maji, wakaambiwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Mara ya pili walipewa na padri Mbenediktini, Johannes Häfliger, wakiwa wamekwisha kuhukumiwa na kamba inawangoja. Maji ya kwanza hayakuzuia risasi, na maji ya pili hayakuzuia kamba. Mimi ni katekista. Kazi yangu ni kuwaandaa watu wazima kwa maji hayo ya pili, na siwezi kuifanya kazi hiyo kwa dhamiri safi katika mji huu bila kujiuliza: ubatizo ule ulikuwa na maana gani kwa mtu aliyebakiza saa chache za kuishi? Nasi tuliopokea imani kutoka Kanisa lilelile, tuna deni gani kwa wale waliolala katika kaburi la pamoja?

Kwa sababu hiyo kila Kwaresima nawapeleka wakatekumeni wangu Makumbusho ya Maji Maji kabla ya ubatizo wa Pasaka. Wapo wanaparokia wanaoniuliza kwa nini, maana ubatizo ni habari ya furaha, na mle ndani kuna minyororo na picha za watu waliofungwa shingoni. Huwa nawajibu kwamba hapa Songea huwezi kumwinamisha mtu kwenye kisima cha ubatizo ukajifanya hujui nani aliinamishwa kabla yake, na baada ya hapo alipelekwa wapi.

Mji huu ulianza kama boma. Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi hapa mwaka 1897, katika eneo la Songea Mbano, nduna, yaani mmoja wa wakuu wa Wangoni, na jina la nduna likawa jina la mji. Waliomnyonga baadaye waliendelea kulitamka jina lake kila siku kwenye barua na ramani zao. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1980, na tangu mwaka 2010 yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Uani zimesimama sanamu za viongozi, kila mmoja na jina lake, na hapohapo lipo kaburi la pamoja. Mashujaa 67 ndio wanaokumbukwa. Nduna Songea ana kaburi lake peke yake, maana aliuawa siku chache baada ya wenzake. Wazee wa hapa husimulia kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akakataa kubaki peke yake ilhali wenzake wamekwisha. Kichwa chake kinasemwa kuwa kilipelekwa Ujerumani, na hadi leo ukoo wake unakidai.

Ndani kuna mikuki, ngao na marungu. Vijana wangu husimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Wanapima kwa macho urefu wa mkuki, halafu wanageuka kutazama bunduki, na swali huja lenyewe: hawa watu walikuwa na akili gani kuamini kwamba maji yatawakinga? Anayeuliza huwa hana dharau, anaona uchungu tu, kwa sababu ni babu zake. Swali hilo lazima lijibiwe kwanza kabla ya swali la ubatizo, kwa kuwa asiyewaelewa babu zake walipopokea maji ya kwanza hataelewa walichokifanya walipopokea ya pili.

Maji yale yalianzia mbali na Ungoni, nchi hii ya Wangoni, kule Ngarambe, kusini ya mto Rufiji. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale alipagawa na pepo Hongo. Masimulizi yanasema alitoweka ndani ya dimbwi, jamaa zake wakamtafuta wasimpate, na kesho yake akatoka majini nguo zake zikiwa kavu. Watu wakaanza kumiminika kwake. Akawapa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na punje za mtama, akawafundisha kwamba wote ni watu wamoja na kwamba wafu wao wako pamoja nao. Wakati huo Wamatumbi, wenyeji wa kule, walikuwa wakilazimishwa kulima pamba ya serikali, wakitozwa kodi na kuchapwa viboko mbele ya wake na watoto wao. Julai 1905, huko Nandete, wakang'oa pamba, na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini maji yalikuwa yamekwisha kusafiri. Yaliletwa Ungoni na mjumbe aliyeitwa Omari Kinjala.

Wangoni hawakuwa watu wanyonge waliokuwa wakingoja mkombozi. Walikuwa wametoka kusini mwa Afrika wakipigana njia nzima, wakavuka Zambezi, na majirani zao wa hapa waliwajua kwa uvamizi. Siwafichi wakatekumeni wangu jambo hilo, kwa sababu baadhi yao ni wajukuu wa watu waliovamiwa na Wangoni. Ajabu ya maji ni kwamba dawa ya Wamatumbi, watu ambao zamani Wangoni wangewatazama kwa jicho la juu, ilipokelewa na nkosi, mtawala wao, na manduna wake. Katika nchi kubwa ya kusini, watu wa makabila mengi waliokuwa wamezoea kuogopana walikubali kunyunyiziwa maji yaleyale.

Halafu ikaja siku ya kuyajaribu. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliliendea boma la Mahenge mchana kweupe, na bunduki za rashasha zikawakata kabla mkuki haujafika popote. Huku Ungoni nako, mapigano ya kwanza yalitosha kuonesha kwamba risasi haikugeuka. Wapo waliotupa vibuyu vyao vya maji wakasema wamedanganywa. Wengine waliendelea kupigana bila maji, na hao ndio wanaonifikirisha zaidi. Aliyepigana akiwa anaamini kwamba hafi, ushujaa wake una kipimo fulani. Aliyeendelea kupigana baada ya kuona maiti za wenzake, akijua sasa kwamba dawa haifanyi kazi, huyo alikuwa anasimamia kitu kingine zaidi ya dawa.

Kabla hatujawahukumu babu zetu, tujitazame wenyewe. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya Watanzania, wasomi kwa wasiosoma, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilifika kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliokata roho kabla zamu yao haijafika. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Hapa mtaani kwetu najua nyumba zenye chupa ya maji ya baraka juu ya mlango, na mwenye nyumba ni Mkristo safi wa kila Jumapili. Ukimuuliza atakwambia ni kinga. Kati yake na mpiganaji wa Mahenge sioni tofauti kubwa ya imani. Naona tofauti ya hatari tu: yule alisimama mbele ya rashasha ili watoto wake wasichapwe viboko, na huyu anataka biashara yake isirogwe.

Kuna namna ya imani inayomtaka Mungu awe ngao. Huanza kwa kuuliza, "Nitakingwa na nini?" Imani ya namna hiyo ina siku yake ya kuumbuka, na siku hiyo haichelewi. Mtoto anakufa ijapokuwa alivikwa medali, basi linapinduka ijapokuwa dereva alisali. Mtu aliyefundishwa kwamba dini ni kinga atafanya walichofanya wale wa Ungoni waliotupa vibuyu: atasema nimedanganywa. Na kwa kweli atakuwa amedanganywa, ila aliyemdanganya ni mwalimu wake wa dini.

Lakini maji ya Kinjikitile yalibeba maneno mawili, na watu husahau la pili. La kwanza lilisema risasi haitawadhuru, na hilo halikuwa kweli. La pili lilisema ninyi nyote ni watu wamoja, na hilo lilikuwa kweli, ingawa kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amethubutu kulitenda. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile, alimfanya nabii huyo akatae kuyakana maji hata mbele ya kifo, akihofia kwamba vizazi vijavyo vitafundishwa kuwa kupigania haki ni kosa. Naiheshimu hoja hiyo, lakini nadhani inaweza kusemwa kwa namna nyingine. Ukweli wa umoja haukuhitaji uongo wa risasi ili uwe ukweli. Ulikuwa umefungwa ndani yake, na uongo ulipopasuka ukweli ulibaki, ndiyo maana hata sasa tunaukumbuka. Imani inapoumbuka kama kinga, tuchunguze kwa makini ni nini kilichobaki mikononi mwa watu. Mara nyingi hicho kilichobaki ndicho Mungu alichokuwa amekiweka.

Sasa nije kwenye maji ya pili. Hayakuja katika mazingira safi. Kabla ya vita wamisionari walikuwa wamechoma kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama, mahali alipowatolea sadaka wahenga wake. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa Mikukuyumbu akiwa safarini kutoka pwani kuja Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Wiki chache baadaye misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Kwa hiyo padri aliyeingia bomani Februari 1906 hakuwa mgeni asiye na jeraha. Alikuwa anaingia kwa watu ambao upande wao ulimuua askofu wake na kuichoma nyumba ya watawa wenzake, na wao walikuwa wanamtazama mtu ambaye upande wake uliwachomea mahoka na sasa unawanyonga. Aliwafundisha kwa ufupi, na wengi wakakubali. Wengine walikataa, wakachagua kuwaendea wahenga wao kama walivyozaliwa.

Je, ule ulikuwa ubatizo? Watu wenye akili wameniambia haukuwa. Wanasema mtu aliyefungwa, aliyeshindwa vita, anayesikia mbao za kunyongea zikipigiliwa misumari, hana hiari. Wanasema ilikuwa sehemu ya adhabu: kwanza wakachukuliwa nchi, halafu uhai, mwishoni na roho. Siipuuzi hoja hiyo. Mwenye kuitoa anajua jinsi dini na boma zilivyolala chini ya paa moja katika miaka ile.

Lakini tuifikirie hiari kwa utaratibu. Historia inayo mifano mingi ya watu waliobatizwa kwa nguvu, na katika mingi ya mifano hiyo biashara ni ileile: ukikubali kubatizwa utaachwa hai, ukikataa utakufa. Hapo hofu ndiyo inayozungumza, na Kanisa limebeba aibu ya mambo hayo. Bomani Songea biashara hiyo haikuwepo. Aliyebatizwa alinyongwa. Aliyekataa alinyongwa. Labda yupo mmoja aliyetumaini moyoni kwamba maji yatamponya na kamba, nani ajuaye moyo wa mtu wakati kama ule, lakini boma halikubadili hukumu. Watu wale hawakununua chochote cha dunia hii kwa ubatizo wao. Na kule kukataa kwa wengine kunanionesha kwamba mlango wa kukataa ulikuwa wazi. Mfungwa aliyenyimwa kila kitu alibakiwa na jambo moja la kuamua, nalo ni namna atakavyokufa na atakayemwendea. Wapo waliosema nakwenda kwa Kristo, na wapo waliosema nakwenda kwa baba zangu. Wote waliamua.

Sheria ya Kanisa inasema mtu mzima aliye katika hatari ya kifo anaweza kubatizwa ikiwa anazijua kidogo kweli kuu za imani, ameonesha nia kwa namna yoyote, na ameahidi kushika amri za dini. Haitakiwi zaidi ya hayo. Wakatekumeni wangu huona hapo hakuna haki, kwa kuwa wao nawasomesha kwa muda mrefu, na anayekosa kipindi namrudisha nyuma. Huwa nawakumbusha mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Hakusoma katekisimu, hakurudisha alichoiba, aliomba akumbukwe tu, naye akapewa paradiso siku ileile. Wakristo tunaipenda habari hiyo mpaka itokee karibu na kwetu. Mwizi wa Yerusalemu tunamwita mwema, na mpiganaji wa Ungoni aliyeomba maji siku yake ya mwisho tunamtilia shaka.

Siku moja pale makaburini nilikutana na mzee mmoja, mtu wa ukoo wa mmoja wa walionyongwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniuliza ninawafundisha nini vijana hawa. Nikamweleza habari za padri na ubatizo. Akasikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Wa kwetu alikataa. Na mimi ni Mkatoliki, nimefunga ndoa kanisani, watoto wangu wote wamebatizwa. Lakini sitaki mtu aniambie kwamba yule amepotea." Nilimjibu kwamba Kanisa halijawahi kumtaja hata mtu mmoja kwa jina likasema huyu amepotea. Lina orodha ya watakatifu, na orodha nyingine ya kinyume chake halina. Akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Basi waambie vijana hivyo." Nawaambia hivyo kila mwaka. Anayeheshimu hiari ya waliokubali lazima aiheshimu hiari ya waliokataa, la sivyo anachokiheshimu ni ushindi wa upande wake tu.

Hata hivyo uhalali wa ubatizo ule hautupi sisi raha. Unatuongezea mzigo. Kwa imani yetu, ubatizo huwafanya watu ndugu katika mwili mmoja, na hauulizi kama ndugu hao wanapendana. Maofisa wa boma la Songea walizaliwa na kulelewa katika nchi ya Kikristo. Maji yalipomgusa kichwani Mngoni yule aliyehukumiwa, akawa ndugu yao zaidi kuliko alivyokuwa jana yake. Kisha wakamnyonga ndugu. Tena ukihesabu kalenda ya Kanisa ya mwaka ule, Pasaka ilikuwa tarehe 15 Aprili, kwa hiyo tarehe 27 Februari ilikuwa Jumanne, na kesho yake Jumatano ya Majivu. Siku moja baada ya kuwazika katika shimo moja watu waliobatizwa punde, Wakatoliki wa dunia nzima walipiga magoti kupakwa majivu na kukumbushwa kwamba wao ni mavumbi. Kila ninapopakwa majivu mimi mwenyewe nafikiri juu ya udongo ule uliokuwa bado mbichi.

Na kunyonga hakukuwa mwisho. Kapteni von Wangenheim alikwisha kuandika Oktoba 1905 kwamba ni njaa na dhiki tu zitakazowatiisha watu kabisa. Basi mashamba yakachomwa, maghala yakachukuliwa, na waliotaka kupanda wakafukuzwa. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiria waliokufa kuwa 75,000, na watafiti wa baadaye wamefikia 250,000 hadi 300,000. Hao hawana sanamu uani. Bibi yangu mzaa mama alisimuliwa na mama yake jinsi walivyochimba ming'oko porini mpaka mikono ikatoka damu, na jinsi mwanamke mmoja alivyokufa ameshika mbegu ambazo hakutaka kuzila. Wengi wa waliokufa hivyo hawakupewa maji yoyote, ya Kinjikitile wala ya padri. Ninapofundisha habari za wokovu nao wamo darasani, na fundisho lolote lisiloweza kusemwa mbele yao silifundishi.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea. Kwetu Wakatoliki ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Alikutana na ukoo wa Nduna Songea, akainama kwenye makaburi, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea babu zetu, na akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kutafuta fuvu la nduna. Nilifurahi kwamba neno lilisemwa, na kwamba lilisemwa hapa, si Berlin. Kisha watu wakaanza kuniuliza kama katekista: je, tumsamehe? Nani ana haki ya kusamehe kwa niaba ya aliyenyongwa?

Nadhani hakuna aliye hai anayeweza kutoa msamaha ambao ni wa marehemu. Kitukuu anaweza kusamehe lile alilotendewa yeye: kukua bila kujua kichwa cha babu yake kiko wapi, kusoma shuleni kwamba babu zake walikuwa wajinga wa maji. Zaidi ya hapo lazima tusubiri, na imani yangu inaniambia kwamba wapo watakaoulizwa wenyewe siku ya mwisho. Wakati tunasubiri, Kanisa lina fundisho rahisi ambalo kila mtoto wa Komunyo ya Kwanza analijua: aliyechukua cha mtu akaenda kuungama, aondolewe dhambi na akirudishe alichochukua. Toba isiyorudisha kitu haijakamilika. Fuvu likipatikana lirudi. Vitu vya ibada na vya vita vilivyochukuliwa kutoka kusini virudi, au angalau wenyewe waulizwe. Hilo ni la Ujerumani.

Lakini lipo la kwetu pia, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Sisi Wakatoliki wa Songea tunamkumbuka Askofu Spiss na wenzake, na ni haki kuwakumbuka, kwa sababu waliuawa wakiwa safarini kuja kututumikia. Wale 67 tumezoea kuwaachia serikali. Kila mwisho wa Februari yanakuja magwaride, ngoma za lizombe, hotuba za viongozi, nasi tunakwenda kama raia. Mimi naomba twende pia kama ndugu zao katika ubatizo. Wale waliopokea maji bomani ni wana wa Kanisa, miongoni mwa wa mwanzo katika mji huu, na Kanisa lililowapokea bomani haliwezi kuwakana leo. Majina yao yasomwe altareni tarehe 27 Februari na tena tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote. Yasomwe pamoja na ya wale waliokataa, bila kuwatenganisha, maana walikufa kwa kamba za namna moja na wakalazwa shimo moja, na sala yetu isiwabague wafu. Yasomwe pamoja na ya Askofu Spiss na wenzake. Na baada ya majina tuwaombee wale wa njaa ambao hakuna aliyewaandika.

Najua wapo watakaosema kwamba kuyaweka majina hayo mahali pamoja ni kuwafananisha wauaji na waliouawa. Sivyo. Ukatili una wenyewe, na historia imekwisha kusema ni nani aliyekuja kwa nani na bunduki. Kumwita mtu ndugu hakufuti alichokifanya. Kunakifanya kiwe kizito zaidi, kwa sababu kumuua ndugu ni dhambi ya Kaini, na Mungu alimuuliza Kaini swali ambalo hakuweza kulikwepa.

Ndiyo maana siwaahidi wakatekumeni wangu kwamba maji watakayopokea Mkesha wa Pasaka yatawakinga na ajali, wachawi, njaa au serikali mbaya. Babu zao waliahidiwa kinga na tumeona kaburi. Nawaambia kwamba maji hayo yatawafunga na watu ambao hawakuwachagua, wema na wabaya, walio hai na waliokufa, na kwamba watadaiwa kwa ajili yao. Kisha, tukiwa bado uani pale makumbusho, namuuliza kila mmoja peke yake kama yuko tayari kuitwa ndugu wa mtu aliyelala humu, na ndugu wa yule aliyemnyonga, na kuubeba ukweli wote wa undugu huo bila kuupunguza. Anayehitaji muda nampa muda. Anayejibu ndiyo naandika jina lake kwa ajili ya Pasaka.